Vipande kumi na saba

Jumamosi moja, saa tatu usiku, dunia yetu ilikuwa ikitembea kwa 0.4.

Nasema dunia yetu kwa mazoea. Ni dunia ya gemu, Space Engineers, iliyotengenezwa na studio ya Keen Software House ya Prague. Ilianza kuuzwa Oktoba 2013 ikiwa bado mbichi, ikatangazwa kukamilika Februari 2019. Humo unachimba madini kwenye asteroidi, unayeyusha, unaunga kipande na kipande mpaka upate chombo kinachoruka. Sisi wanne (fundi mmoja wa kompyuta, binti wa Njoro, kijana wa Lanet na mimi) tumejenga yetu kwa miaka miwili kwenye mashine ya fundi, ghorofa ya kwanza, mtaa wa nyuma ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru. Mashine yenyewe ni mtumba kutoka Uingereza, kama nyingi zilizo kwenye rafu yake. Fundi kaiongezea ramu na kaitia kadi ya picha aliyoachiwa na mteja aliyeshindwa kulipa. Ndiyo seva yetu.

Hiyo 0.4 maana yake ni hii. Gemu hupiga hesabu mara 60 kwa sekunde: kila chombo kiko wapi, kinagusana na nini, kinavutwa upande gani. Prosesa ikielemewa, gemu hairuki hatua hata moja. Inapunguza mwendo wa saa yenyewe. Kwa 0.4, safari ya dakika 10 inakula dakika 25 za saa ya ukutani. Unabonyeza breki, chombo kinafikiria kwanza.

Usiku huo fundi alifungua faili la sevu akaanza kufuta. Jumapili mchana tulipokutana, binti hakukiona kichimbaji chake. Mabishano yaliyofuata yalimaliza chupa mbili za chai. Nayaweka hapa yalivyokwenda, nikiwa nimepunguza kelele.

FUNDI: Gari likiletwa linatoa moshi hulisomei dua, unafungua boneti. Nimefungua boneti. Kosa liko wapi?

BINTI: Kufungua si kosa. Kosa ni gari kutoka gereji halina kiti kimoja, na kiti chenyewe ni changu.

FUNDI: Dada, dunia ilikuwa haifunguki. Najua kuna menyu ya msimamizi, Alt na F10, unazoa taka ukiwa ndani. Lakini lazima uwe ndani! Ilikuwa ikifika nusu ya kupakia, gemu inajifunga. Mlango umekwama, ufunguo uko mezani sebuleni. Nimeingilia dirishani.

Hapo fundi ana haki, na ningependa msomaji asiyecheza aone dirisha lenyewe lilivyo. Folda ya sevu ina faili liitwalo SANDBOX_0_0_0_.sbs. Ukilifungua kwa Notepad, Notepad inaganda kwa muda, kisha anga lote linateremka kwa maandishi yanayosomeka. Kila chombo kina boma lake, kati ya alama ya kufungua na alama ya kufunga: CubeGrid. Ndani ya boma kuna jina, mahali kilipo, halafu orodha ya vipande vyake kimoja kimoja, na kila kipande kina mstari wa BuiltBy wenye namba ya aliyekijenga. Jiwe lililotupwa tu nalo lina boma lake, FloatingObject. Chombo kikigonga asteroidi kikavunjika, kila kigae kinakuwa chombo huru na kuhesabiwa peke yake. Ajali yetu moja ya mwaka jana, ambayo nakiri nilikuwa dereva, ilizaa maboma mengi kuliko tulivyowahi kujenga kwa mikono.

Fundi alifuta mawe, akafuta vigae vya ajali yangu, akafuta na vidude vidogo visivyo na jina. Akahifadhi. Akafungua gemu, safari hii ikakubali kupakia kwa tabu, na namba ikasoma 0.4 ile ile. Mawe yote yako palepale. Kumbe kando ya faili lile kuna pacha wake, jina lile lile lenye B5 mwishoni, nakala iliyoandikwa kwa lugha ya mashine. Gemu humpenda pacha huyo kwa sababu husomeka upesi. Maadamu yupo, unaweza kuhariri maandishi yako mpaka alfajiri na gemu isikutazame. Lazima umfute pacha. Ndipo gemu isome ulichoandika, na ikihifadhi tena izae pacha mpya. Fundi aligundua hayo saa nane usiku. Akarudia kazi yote upya kwa hasira, na nadhani hasira hiyo ndiyo iliyompa mkono mwepesi.

Palikuwa na mtu wa tano pale, asiyecheza: mwalimu mstaafu wa historia aliyekuja kuchukua laptopu yake, akapewa kikombe, akasahau laptopu.

MWALIMU: Niulize swali la mjinga. Huku si kuiba? Kwenye bao, kete zikijaa shimo moja, huruhusiwi kuzichota ukatia mfukoni ati umechoka kuhesabu.

FUNDI: Mwalimu, sikuchota kete. Nimepangusa vumbi ubaoni.

MWALIMU: Nani alikwambia ni vumbi? Nenda hapo Hyrax Hill, si mbali, njia ya kwenda Nairobi. Kuna mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe. Asiyejua bao ataona jiwe lenye matundu. Na Mary Leakey alipoanza kuchimba pale mwaka 1937, alikuwa anatafuta nini? Vigae. Mifupa. Vitu ambavyo mtu alimwaga nyuma ya nyumba akaenda zake. Leo kuna makumbusho.

KIJANA WA LANET: Kwa heshima, Mwalimu, mawe ya fundi hayatajengewa makumbusho. Mimi swali langu ni lingine. Ndani ya faili hilo hilo dhahabu ya kila mtu imeandikwa kwa tarakimu, mstari wa Amount. Anayeweza kufuta jiwe anaweza kuongeza sifuri tatu. Tutajuaje?

FUNDI: Utajua kwa sababu bado nina deni lako la platini. Ningekuwa naongeza sifuri, si ningeshakulipa?

Tulicheka, na hoja ikapita. Watu wengi hudhani hapo ndipo penye kiini, kwamba anayehariri sevu ni mdanganyifu. Sidhani. Gemu hii inakuruhusu kuchagua mtindo wa ubunifu ambamo vipande havina gharama kabisa. Anayetaka utajiri wa bure haihitaji Notepad. Na dhahabu ikizidi utaiona, kwa sababu ulikuwa ukiihesabu. Kinachopotea bila kuonekana ni kile ambacho hakuna aliyekuwa akikihesabu siku hiyo.

BINTI: Sasa mnisikize. Kilikuwa na vipande 17. Nilikiegesha kilomita nane kutoka kituoni, mgongoni mwa asteroidi ya barafu, nikazima betri kwa makusudi. Jina sikukipa, ni kweli. Gemu ikakiita Small Grid na namba nne. Wewe ulipoona hivyo, ilitosha?

FUNDI: Hata gemu yenyewe ingekizoa. Mfumo wake wa taka, kwa mipangilio unayokuja nayo, unaangalia kilicho chini ya vipande 20 na kilicho mbali na mchezaji zaidi ya mita 500. Chako ni 17, na kilomita nane. Sikutunga kipimo mimi.

BINTI: Ndiyo maana siku ya kwanza tulikubaliana mfumo huo uzimwe. Kipimo cha Prague hakijui kwamba hicho kidude ndicho kilichochimba barafu mnayopumua. Wiki tatu, kila wikendi natoka Njoro kwa matatu nakuja kukaa kwenye kiti hicho cha plastiki.

KIJANA WA LANET: Kwenye Kerbal usingepata shida hii. Taka zinajulikana.

Kijana huyu hucheza pia Kerbal Space Program, kazi ya Squad ya Mexico. Ni kweli kwamba sevu ya Kerbal, persistent.sfs, inasomeka kirahisi zaidi, na mabaki ya roketi yamepigwa lebo na gemu yenyewe: type = Debris. Tena Kerbal haipigi hesabu nzito za fizikia ila kwa vilivyo karibu na chombo unachoendesha, kilomita mbili na nusu hivi. Vingine inavitembeza juu ya mstari wa mzingo tu. Kwa hiyo faraja yake ni ya kweli, lakini haitusaidii. Lebo inasema kitu kimekatika kutoka kwenye roketi. Haisemi kama mwenyewe bado anakitaka.

BINTI: Taka zinajulikana? Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Kipenyo kama mita 2.5, uzito karibu kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja, likasema kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganishia roketi. Huyo ndiye Debris wako, kijana, uzito wa ng'ombe mzima, shambani kwa watu. Je, walisema haina jina, ipelekwe jua kali ikatwe majiko? Swali la kwanza lilikuwa: ni ya nani?

MWALIMU: Na swali hilo lina sheria. Mkataba wa 1972 unasema dola iliyorusha ndiyo inayolipa uharibifu uliotokea ardhini. Bila kumjua mwenyewe, mkataba ni karatasi.

BINTI: Wao walilazimika kuchunguza. Fundi alikuwa na BuiltBy mbele ya macho yake, mara 17.

Nilimwona fundi akishika kikombe kisicho na chai.

FUNDI: Sawa. Lakini na nyinyi msinifanye mimi ndiye mwovu wa anga. Huko juu kwenye anga halisi shida yao ni kwamba hawana Notepad. Mwanasayansi Kessler alionya mwaka 1978: vyuma vikizidi vitagongana, vigae vitagonga vingine, mpaka njia isipitike. Ajali ya mwandishi wetu hapa ni Kessler mdogo. Wangekuwa na faili moja la kufungua saa nane usiku, wangelifungua.

MWALIMU: Na Uhuru ungeifuta?

FUNDI: Uhuru gani?

MWALIMU: Setilaiti! Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Sikukuu ya Jamhuri, ndiyo ikaitwa Uhuru. Ya kwanza duniani kutumwa kazi moja tu, kutazama miali ya eksirei kutoka angani. Mwaka 1973 ikanyamaza. Ikaendelea kuzunguka kimya mpaka 1979 iliposhuka ikaungua. Hiyo miaka sita, mwanangu, haikuwa na betri wala kazi. Ungeizoa?

FUNDI: Kama ingenitembeza kwa 0.4, Mwalimu, ningeizoa huku nalia.

Hilo ndilo jibu lililonipendeza kuliko yote ya siku hiyo, na bado nadhani halitoshi. Fundi analipia stima. Mashine ni yake, joto ni lake, na mteja wa Jumatatu akikuta feni inavuma kama kinu cha kusaga mahindi atauliza kompyuta yake itapona kweli. Mwenye mzigo ana haki ya kusema umezidi. Lakini kusema mzigo umezidi si sawa na kuchagua wa nani ushuke. Kondakta wa matatu anajua tofauti hiyo. Akishusha mtu bila kumwambia, anajua atakachoambiwa.

BINTI: Panda pale mtaa wetu wa London, ukipita estate utaona Gioto, jalala la mji mzima chini ya Menengai. Kuna watu wanachambua pale kila siku. Umewahi kuwatazama? Mtu anafungua mfuko kwanza. Anatazama. Chupa huku, chuma huku. Hakuna anayetupa mfuko uliofungwa. Wewe hukufungua mfuko, fundi. Ulisoma jina la nje.

Fundi hakujibu. Aliinuka, akachomoa flashi kwenye droo.

Hapa nimsifu. Kabla ya kugusa herufi moja alikuwa amenakili folda nzima. Tulijifunza hilo kwa uchungu: mwaka juzi stima ilipotea katikati ya gemu kuhifadhi, tukabaki na faili lililokatika kama sentensi ya mlevi, na miezi minne ya kazi ikaenda nalo. Tangu siku hiyo hakuna anayehariri bila nakala. Kichimbaji cha binti kilikuwa hai ndani ya flashi.

BINTI: Nipe kiti. Na kuna jambo hukulijaribu. Kila chombo kina mstari wa IsStatic. Andika true, kinageuka kituo. Hakitembei, kwa hiyo mashine haikihesabii mwendo. Mwenyewe akikitaka, anaingia kwenye paneli anakigeuza chombo tena. Vyetu vilivyoegeshwa ni vingapi?

KIJANA WA LANET: Kama arobaini. Hakuna anayeegesha vizuri isipokuwa mimi.

FUNDI: IsStatic naijua. Inaondoa mwendo, haiondoi kipande. Bado kinakaa kwenye ramu, bado kinachorwa ukikikaribia. Na yale mapistoni yenu yanayotikisika je?

Mapistoni ni kesi nyingine. Pistoni na rota hufanya chombo kimoja kuwa viwili vilivyofungwa pamoja, na hesabu ya kifundo hicho ikienda kombo vinaanza kutetemeka mpaka vilipuke. Wachezaji wa gemu hii dunia nzima wana jina la mungu wa kishindo hicho, Clang, na humtania kwamba anadai sadaka. Sisi tumeshamtolea kreni mbili.

Wakajaribu. Sijawahi kumwona mtu akihariri kwa utulivu kama binti yule. Alinakili sevu ya zamani kutoka kwenye flashi, akamfuta pacha B5 kabla ya jambo lolote, akamtazama fundi kidogo. Akatafuta IsStatic moja baada ya nyingine, kwa vyombo vilivyoegeshwa tu. Akaziacha false pale alipoona kwamba mwenyewe alikuwa safarini. Akahesabu alama za kufungua na za kufunga kwa ncha ya kalamu kwenye kioo, maana ikipungua moja dunia haifunguki. Dunia ikafunguka bila kusuasua. Namba ikasoma 0.6.

FUNDI: Si mnaona? Yangu ilifika 0.92.

BINTI: Subiri.

Akasoma BuiltBy za vigae vya ajali. Zilikuwa namba zangu. Akaniuliza kama nazihitaji. Nikasema hapana. Akamuuliza kijana juu ya fremu nne zilizoachwa. Kijana akasema mbili zifutwe, mbili ni za mradi. Mradi gani, hakusema, na binti hakumbana. Akafuta yaliyokubaliwa tu. Akapakia tena: 0.85.

FUNDI: Bado nimekushinda.

BINTI: Kwa 0.07. Piga hesabu.

Nikapiga mimi, kwenye simu. Safari ya dakika 10 kwa 0.92 ni dakika 10 na sekunde 52. Kwa 0.85 ni dakika 11 na sekunde 46. Tofauti ni sekunde 54. Hiyo ndiyo bei ya kuuliza, na kichimbaji kipo.

MWALIMU: Sekunde 54 mnagombania! Mimi nimekaa hapa saa nzima na laptopu yangu bado haijatazamwa.

Fundi akacheka, akaileta. Lakini hakukubali yote. Alisema, na ni kweli, kwamba mwaka ujao maboma yatakuwa mengi tena, 0.85 itashuka, na siku hiyo hatakuwa na watu mezani wa kuulizwa mmoja mmoja saa nane usiku. Akachukua karatasi ya risiti, akaandika nyuma: kila chombo kipewe jina kabla ya Ijumaa, kisicho na jina kitafutwa, nakala itakaa kwenye flashi mwezi mmoja. Akaibandika ukutani juu ya soketi, akatoa kalamu.

Kijana wa Lanet akatia sahihi bila kusoma. Binti akakataa. Alisema jina si kitu; faili tayari linajua nani alijenga nini, na anayeujua mlango wa mtu hana sababu ya kutobisha hodi. Fundi akamwambia awe basi anapokea simu saa nane usiku. Akajibu kwamba atapokea. Hadi naandika haya, nafasi yake kwenye karatasi ile iko tupu.

Mimi nilitia sahihi. Nakubaliana na binti kuhusu hodi, lakini stima inalipwa na fundi, na mwezi mmoja wa nakala ni muda wa haki. Jioni hiyo hiyo nilirudi angani kuvipa majina nilivyoegesha. Vilikuwa 31. Vinne sikukumbuka nilivijengea nini, nikavifuta mwenyewe.